Jedwali la Kilatini katika Darasa la Juba

Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, suala la namna ya kufundisha Kiswahili mjini Juba linatuhusu sote tulio katika taaluma hii. Katika makala haya mafupi tunahakiki kifaa kimoja tu cha kufundishia: jedwali la kitenzi lenye nafsi sita upande mmoja na tafsiri upande wa pili.

Kifaa hiki ni urithi wa darasa la Kilatini. Sarufi nyingi za mwanzo za lugha zetu ziliandikwa na makasisi waliosoma Kilatini. Edward Steere alitoa mwongozo wake wa Kiswahili mwaka 1870. Naye Padri Spagnolo alichapisha sarufi ya Kibari mwaka 1933, miaka mitano baada ya mkutano wa Rejaf, karibu na Juba, ulioiteua lugha hiyo kuwa miongoni mwa lugha za kufundishia shuleni. Tuna deni kubwa kwao. Hata hivyo, mazoea ya Kilatini yanahitaji kupimwa upya.

Kwa Kilatini jedwali lina kazi. Kitenzi cha "kuwa" ni sum, es, est, sumus, estis, sunt: sura sita, na mwanafunzi hana budi kukariri. Mwalimu wa Kiswahili naye huandika mimi ni, wewe ni, yeye ni, mpaka mistari sita itimie, ilhali neno ni lile lile moja!

Kosa kubwa zaidi limo katika tafsiri. Magister est bonus ni "mwalimu ni mwema". Magister est in schola ni "mwalimu yuko shuleni". Mihi est liber ni "nina kitabu". Kitenzi kimoja cha Kilatini kinahitaji njia tatu za Kiswahili.

Mwanafunzi wa Juba anazo tayari njia tatu. Katika Kiarabu cha Juba husema uwo kweis, yaani yeye ni mwema, bila kuweka neno lolote kati. Husema uwo fi fi bet, yuko nyumbani; fi ya kwanza ni "yuko" na ya pili ni "katika". Husema pia ana endu kitab, nina kitabu. Tukimpa jedwali linalofanya "kuwa" kuwa kitu kimoja, tunamfundisha kuchanganya alichokitenganisha tangu utotoni. Akiandika "mwalimu ni shuleni", tunamkata alama kwa kosa tulilompa sisi wenyewe.

Vivyo hivyo, vitenzi vya silabi moja hupewa jina la "visivyo vya kawaida" na kuwekewa jedwali lake. Tunapinga. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi -na-, -li-, -ta- na -me- havibebi mkazo. Ku- hubaki ili kuubeba. Kikiingia kiambishi cha yambwa, ku- huondoka: anakula chakula, lakini anakila. Huo ni utaratibu, na mwanafunzi akiuelewa hana haja ya kukariri.

Je, Kilatini hakina la kutufundisha? Kinalo. Wanafunzi wake hukariri amri nne fupi, dic, duc, fac na fer, kwa sababu hazifuati kanuni ya kawaida. Kiswahili nacho kina njoo, nenda na lete. Hizo zikaririwe, nazo zinatosha mstari mmoja wa ubao.

Kwa hiyo tunapendekeza mwalimu anayekwenda Juba aanze somo la "kuwa" kwa kuwauliza wanafunzi wanavyosema nyumbani, aandike sentensi zao tatu ubaoni, kisha aweke ni, yuko na nina kando yake. Jedwali lisubiri mpaka atakapopatikana mwanafunzi wa Kilatini.