Dakta Fox Angepata Alama Ngapi kwa Mhadhiri Wako?

Mwaka 1970, huko Marekani, wataalamu 11 wa magonjwa ya akili, saikolojia na ustawi wa jamii, wote wakiwa walimu wa fani hizo, walikaa kumsikiliza Dakta Myron L. Fox. Alitambulishwa kwao kuwa bingwa wa kutumia hisabati kuchambua tabia za binadamu. Alizungumza kwa saa moja, akajibu maswali kwa nusu saa. Walipogawiwa hojaji, wengi walisema mada ilipangwa vizuri, mifano ilitosha, na fikra zao zilichangamshwa. Video ya mhadhara huo ikaonyeshwa kwa makundi mengine mawili, jumla wakawa watu 55. Mmoja wao alidai hata kuwa aliwahi kusoma maandishi ya Fox.

Dakta huyo hakuwako duniani. Watafiti Naftulin, Ware na Donnelly, waliochapisha matokeo mwaka 1973, walikuwa wamemchukua mwigizaji aitwaye Michael Fox, wakampa makala ya jarida la sayansi kuhusu nadharia ya michezo, kisha wakamfunza kuijaza maneno ya kubuni, kauli zinazopingana na vichekesho visivyohusiana na mada. Hakuna aliyemgundua.

Kisa hiki hutumiwa sana kuwacheka wasomi. Mimi kinachonivutia ni ile hojaji. Je, mzungumzaji alionekana kuipenda mada? Alitoa mifano ya kutosha? Alieleza kwa namna ya kuvutia? Hakuna mahali palipouliza kama aliyoyasema ni kweli, au msikilizaji arudie hoja moja aliyoisikia. Waliulizwa walivyojisikia, nao wakajibu walivyojisikia.

Sasa chukua fomu ya kutathmini mawasilisho ya wanafunzi katika semina za vyuo vyetu. Nyingi nilizoziona zina mstari wa kujiamini, wa sauti, wa kuwatazama wasikilizaji, wa unadhifu, wa slaidi na wa kutunza muda. Maudhui hupewa mstari mmoja, nao mhadhiri huujaza mwishoni, akiwa ameshavutiwa au ameshachoshwa. Mwanasaikolojia Edward Thorndike alilieleza tatizo hili mwaka 1920, alipochunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima walio chini yao: aliyesifiwa kwa umbo alisifiwa pia kwa akili na kwa uongozi, kuliko inavyoweza kuaminika. Kwetu sifa inayotia rangi zote ni Kiingereza. Aliyetoka inglishi midiamu huteleza na sentensi zake hadi dakika ya mwisho. Aliyetoka shule ya kata, aliyekaa kijijini na wakulima kukusanya data yake mwenyewe, anakwama kwenye neno la tatu, na alama za utafiti wake zinapungua kwa kosa la sarufi.

Rubriki nzuri, yaani fomu inayoeleza kila kigezo na ngazi zake za alama, husaidia, lakini kwa kiasi. Iliyotolewa mwaka 2009 na AAC&U, muungano wa vyuo na vyuo vikuu vya Marekani, hutenga vigezo vitano: mpangilio, lugha, namna ya kuwasilisha, ushahidi unaotegemeza hoja, na ujumbe mkuu. Kila kigezo kina ngazi nne, na kila ngazi imeelezwa kwa maneno. Mpitishe Fox humo. Kwenye uwasilishaji anapata 4 bila ubishi. Kwenye ushahidi anapaswa kuanguka, mradi tu mtathmini aijue mada. Hapo ndipo ugumu ulipo: rubriki haimjulishi mtathmini asichokijua. Vilevile, rubriki hiyo ya Marekani imeandikwa kumpima msemaji mmoja kwa wakati. Kulipa kundi zima la wanafunzi sita alama ya yule mmoja aliyechaguliwa kwa sababu ana mdomo ni kuitumia kwa kazi isiyo yake.

Ngazi nazo zinahitaji maelezo. Huko Kenya, mtaala wa umilisi umewazoesha walimu ngazi kama kuzidisha matarajio, kufikia matarajio na kukaribia matarajio. Majina hayo hayana uzito mpaka mwalimu aandike, kwa kila kazi, matarajio yenyewe ni yapi.

Wengi watasema dawa ni maswali baada ya wasilisho. Fox aliulizwa maswali kwa nusu saa nzima, akatoka salama. Waulizaji hawakuwa wamejiandaa, wakauliza maswali mapana, naye akajibu kwa upana uleule. Swali linalopima ni lile lililoandikwa kabla, likiwa na jibu linaloweza kukosewa: namba hii kwenye slaidi ya pili umeipataje? Ukiondoa mfano huu, hitimisho lako linasimama? Nani amepinga maelezo haya, na kwa hoja gani? Maswali mawili ya namna hiyo kwa kila msemaji yanatosha, na yastahili kubeba alama nyingi kuliko sauti na slaidi zikijumlishwa.

Sidai kwamba ufasaha ni pambo. Mwaka 1975 Ware, mmoja wa watafiti wale wa kisa cha Fox, na mwenzake Williams waliandaa mihadhara sita, wakibadilisha wingi wa maudhui na uchangamfu wa msemaji, kisha wakawapa wanafunzi mtihani. Waliosikiliza msemaji mchangamfu hawakumsifu tu, walifanya vizuri zaidi hata kwenye mtihani. Kuzungumza vizuri kunafundisha, na kunastahili alama, ila ziwe zake peke yake.

Kwa hiyo, mhadhiri mwenzangu, kabla ya muhula kuanza, mkae wawili mtazame video moja ya mwanafunzi wa mwaka uliopita, kila mmoja ajaze alama bila kumwonyesha mwenzake, kisha mlinganishe kigezo kwa kigezo. Mkipishana, rekebisheni maelezo ya ngazi kwanza, ndipo mwite wanafunzi mbele.