Utendi wa Mwana Kupona: Radhi Si Fimbo

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Leo nataka tuzungumze juu ya utendi ambao ni nyumba chache za Waislamu wa pwani usiojulikana japo kwa jina, nao ni Utendi wa Mwana Kupona. Huenda ukasema: mashekhe wamekwisha usema sana utendi huo, kuna jipya gani? Nakuomba unisubiri kidogo. Jipya halimo katika utendi, limo katika namna tunavyousoma. Na mimi mwenyewe ni katika waliousoma vibaya.

Sababu ya kuandika ni hii. Niliitwa na wazee wa upande mmoja kwenda kusuluhisha kijana na mkewe, ndoa yao haijatimu miaka miwili. Hapakuwa na kosa kubwa. Hapakuwa na ulevi, wala zina, wala njaa. Palikuwa na uchungu tu, uchungu wa kila siku: chai imepoa, shati halijapigwa pasi, kwa nini umechelewa kwa mama yako. Nilipomuuliza kijana ana hoja gani, akaninukulia moyoni, bila ya kukosea hata herufi, baiti za Mwana Kupona zisemazo kwamba siku ya kufufuliwa mume ndiye atakayeulizwa, na atakalo ndilo atakalotendewa mke, akipenda peponi ni peponi, akisema motoni ni motoni. Kisha akamwelekea mkewe akasema: "Umesikia?"

Yule binti hakumjibu mumewe. Alinigeukia mimi, macho yamemjaa maji, akasema: "Maalim, ulitusomesha wewe mwenyewe utendi huu chuoni. Ni kweli pepo yangu anayo huyu mkononi?"

Wallahi, msomaji, nilitahayari. Ni kweli nilimsomesha. Nimewasomesha mabinti wengi, na kila mara nilianza kwenye wasia na kukomea kwenye wasia. Nilirudi nyumbani nikauteremsha utendi kutoka rafuni, nikausoma wote tangu mwanzo hata mwisho kama mtu asiyepata kuuona. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Kwanza, tumkumbuke aliyetunga na hali aliyokuwa nayo. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mke wa Bwana Mataka, mkuu wa Siyu katika kisiwa cha Pate, yule aliyeshindana na Sayyid Said wa Unguja. Utendi una baiti 102, na mwenyewe ameutia tarehe, mwaka 1275 wa Hijra, yaani mnamo 1858. Wakati huo mumewe amekwisha fariki, na yeye ni mgonjwa. Anasema maradhi yamemshika mwaka mzima hata hakupata nafasi ya kumwambia bintiye neno jema. Basi anamwita binti huyo, Mwana Hashima, kijana wa miaka kama 17, aje akae karibu na wino na karatasi. Anamwambia atamtungia hirizi na kidani cha lulu na marijani. Hirizi hiyo na kidani hicho si dhahabu, ni maneno.

Huyu basi si kadhi anayetoa hukumu, wala si mzee wa mtaa anayetoa amri. Ni mama aliye kitandani, anahisi safari i karibu, na anatafuta cha kumwachia mwanawe. Ukisahau kitanda kile, utendi wote unageuka sauti.

Pili, yako tunayoyajua sote. Anamwambia bintiye ashike dini, awe na adabu na ulimi mwema, asipende fitina, na mhitaji akija asimhangaishe bali amtendee kwa kadiri awezavyo. Anamwambia mtu ana radhi tano za kuzitafuta: ya Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume. Kisha anaingia ndani ya nyumba: mume akilala asimshitue, asikose wa kumpepea, ampambe na kumtia manukato, amchekeshe achangamke, amtunze kama mtoto mchanga asiyejua kusema, na aangalie sana kitu kitokacho nyumbani na kiingiacho.

Hapa ndipo tunapofunga kitabu. Si sisi peke yetu. Hata Alice Werner na William Hichens walipoutoa utendi huu kwa kitabu mwaka 1934, jina walilolipa kwa Kiingereza lilikuwa juu ya wajibu wa mke. Basi kila mmoja amechukua nusu.

Tatu, na hili ndilo nililolipita miaka yote. Baada ya wasia, Mwana Kupona anasimulia ndoa yake mwenyewe. Anasema alikaa na babake Hashima kwa furaha na kicheko, na kwamba siku zao zote hawakuvunjiana heshima. Liangalie neno hilo, msomaji. Hakusema "sikumvunjia", amesema "hatukuvunjiana". Heshima ilikuwa ikienda na kurudi. Mtu aliyekuwa mkuu wa mji, aliyezoea vita na safari, ndani ya nyumba yake alikuwa mtu wa kuchekwa naye.

Kisha anasema lililo kubwa zaidi. Ilipomfikia Bwana Mataka faradhi ya mauti, alimkariria mkewe radhi zake, akashukuru, akamwachia Mola mambo yake, mpaka moyo wa mkewe ukatua. Na tangu siku ile, anasema, machozi yake hayajakauka.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Radhi zile tunazozitaja kwenye harusi, tunazowatishia nazo wake zetu, katika utendi wenyewe zilitumikaje? Zilisemwa kwa ulimi, zikakaririwa, akapewa mke angali anasikia, ili moyo utulie. Bwana Mataka hakuzifungia sandukuni akangoja siku ya Kiyama. Radhi kwake ilikuwa zawadi. Sisi tumeifanya fimbo.

Nne, ni wajibu niseme wazi juu ya baiti zile alizozisoma yule kijana. Heshima ya Mwana Kupona ni kubwa, lakini utendi si Qur'ani. Ni kweli radhi za mume ni jambo zito na mafundisho yetu yamelihimiza. Ama kwamba mume ndiye atakayeamua pepo na moto, hilo haliwezi kuchukuliwa kwa dhahiri yake. Mwenyezi Mungu ametufahamisha mwisho wa Suratul Infitar kwamba siku hiyo nafsi haitamiliki chochote kwa ajili ya nafsi nyingine, na amri yote ni Yake. Na katika Suratut Tahrim ametupigia mfano wa wake wawili wa Mitume, Nuhu na Lut, ambao waume zao hawakuwafaa kitu. Na mfano wa mke wa Firauni, aliyeomba kujengewa nyumba Peponi hali ya kuwa mumewe ni Firauni. Lau kama pepo ya mke i mkononi mwa mume, mama yule angekuwa wapi leo?

Basi baiti zile tuzisome kama maneno ya mama aliyekaza kamba ili bintiye asilegee, kama vile mama zetu walivyokuwa wakituambia ukimwaga chumvi utaiokota kwa kope. Ni mkazo wa mzazi, si itikadi. Mume azinukuuye kumtisha mkewe amejipa cheo ambacho hakupewa hata Nabii Nuhu.

Hali kadhalika pale anapomwambia bintiye asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Hayo ni maneno ya zama zake na ya nyumba za wakubwa wa zama hizo. Sisi tunaosema kwamba mbora wetu mbele ya Mungu ni mwenye kumcha zaidi hatuna la kuyafanyia kazi, na tusione haya kuwaambia hivyo watoto wetu.

Mtu atasema: Lakini maalim, Mwana Kupona mwenyewe amewaambia wanawake wausome. Wanaume unatuingizia nini? Ni kweli, barua imeandikwa kwa binti. Lakini mume akiichukua barua hiyo mkononi na kudai yaliyomo, basi asome na habari za baba yake binti. Ukitaka mke wa utendi, kuwa mume wa utendi. Na ukiona Bwana Mataka ni mbali, yupo aliye karibu zaidi. Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa katika kazi za ahli zake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Imepokewa kuwa alishindana mbio na Bibi Aisha, mara akashindwa, na mara nyingine akashinda akamtania kwa hilo. Na hakupata kukitia chakula ila. Akikitamani hula, asipokitamani hukiacha. Ewe unayegomba kwa chai iliyopoa, umemwiga nani?

Tano, turudi kwenye lile neno la kumtunza mume kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Wako wanaolichukia, wakiona ni kumfanya mke mtumwa. Na wako wanaume wanaolipenda kupita kiasi. Mimi naona mama yule amesema jambo analolijua. Mtoto mchanga haombi maji; mama huyajua mapema kiu yake kwa kumtazama. Huo ndio upeo wa mapenzi ya nyumbani, kumjua mwenzio kabla hajasema. Lakini kumbuka, ndugu yangu: mtoto mchanga hana ulimi wa kushukuru. Wewe unao. Anayetunzwa kama mtoto na akanyamaza kama mtoto, amekula riziki ya nyumba akaacha deni lake. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu.

Tunadhani shukrani ni jambo la siku kubwa: mtoto amehitimu, mgonjwa amepona, jamaa amerudi kutoka Hija. Hayo ni ya mara moja moja. Nyumba husimama kwa yale ya kila siku: aliyeamka kabla yako ukakuta maji ya udhu tayari, aliyekuwekea kipande cha samaki chenye nyama, mtoto aliyekuletea kubazi zako mlangoni bila ya kutumwa, mume aliyerudi na mkate wa moto jua limemchoma kichwani. Hizi ndizo aya zilizomo majumbani mwetu. Katika Suratur Rum, Mwenyezi Mungu amehesabu mapenzi na huruma baina ya mume na mke kuwa ni katika ishara Zake, akaitaja ishara hiyo pamoja na kuumbwa mbingu na ardhi. Sisi huzitazama mbingu tukasema Subhanallah, kisha tukaipita sinia ya chakula bila ya neno.

Sita, angalia utendi unavyokwisha. Baiti nyingi za mwisho ni dua. Mgonjwa yule anajiombea afya, anawaombea watoto wake, ndugu zake, jamaa zake, na Waislamu wote. Kutoka kwenye kupepea na manukato amefika moja kwa moja kwenye mikono iliyoinuliwa. Kwake hapana ukuta baina ya jiko na msala. Nasi tunaowasomesha watoto wetu wasia bila ya dua tumewapa mzigo, tukawanyima maji ya njiani.

Nimekiri kwamba nami nilisoma nusu, basi nikiri na haya. Usiku ule nilimwambia mke wangu kwamba mimi niko radhi naye, kwa yote, tangu siku aliyoingia nyumbani kwangu. Tumekaa zaidi ya miaka 40 na sikupata kulitamka. Aliniangalia sana, akasema: "Bwana, kwani daktari amekwambia nini?" Tukacheka hata akalazimika kujifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akanyamaza kitambo, akasema kwa sauti ndogo: "Nami niko radhi nawe." Nilikuwa sijui kama nalihitaji neno lile.

Ama wale vijana wawili, niliwapa sharti moja tu: wausome utendi wote pamoja, baada ya Isha, baiti chache kila usiku, na kila usiku mmoja amshukuru mwenzake kwa jambo moja la siku hiyo, dogo lolote. Sikuambii kuwa mambo yametengenea. Ugomvi wa miaka miwili haufi kwa wiki mbili. Lakini nimeambiwa wamefika pale kwenye kicheko, na kijana ameuliza kwa nini hakupata kufundishwa baiti zile. Jibu lake ninalo mimi, na ndilo hili nililoliandika.

Nawe msomaji, ukiwa mume, usingoje faradhi ikufikie ndipo uzitoe radhi zako. Ukiwa mke, usione haya kuzidai za haki, na kuzitoa zako. Ukiwa mwalimu kama mimi, somesha utendi wote, na pale palipo neno la zama zake, waeleze watoto.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Mwana Kupona na mumewe, atujaalie wake zetu, waume zetu na watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, na atujaalie tuwe katika wenye kushukuru kabla ya kukosa. Amin.

Wabillahi tawfiq.