Nasaba Isiyotaja Mama

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Bali hawakutuambia asili huhesabiwa kwa upande gani. Katika sanduku la marehemu babu yangu mna karatasi ya nasaba yenye majina ya wanaume kumi na mmoja, baba baada ya baba. Mama hatajwi hata mmoja. Zamani niliisoma kama ushahidi. Leo naisoma kama nisomavyo utenzi, nikiuliza imetungwa kwa faida ya nani na nini kimeachwa.

Mfano bora wa jambo hili ni habari za Kilwa. Tunayo masimulizi matatu: la Mreno João de Barros, lililochapishwa mwaka 1552; la Kiarabu, ambalo nakala yake Sayyid Barghash wa Unguja alimpa John Kirk, likachapishwa 1895; na la Kiswahili, lililotolewa na Carl Velten mwaka 1907. Yote yasimulia mgeni kutoka Uajemi aliyekinunua kisiwa kwa nguo. Lakini tazama mama walivyotendewa. Kwa Barros, Ali ni mwana wa mjakazi wa Kihabeshi, naye alihama kwa kudharauliwa na nduguze waliozaliwa na mama wa Kiajemi. Katika la Kiarabu mama huyo hayumo. Sababu ya kuhama ni ndoto ya panya mwenye pua ya chuma, aliyekuwa akiguguna ukuta wa mji. La Kiswahili lasema mgeni alimwoa binti wa Mrimba, mkuu wa wenyeji, na mtoto wao akapewa utawala na babu yake. Hapa haki ya kutawala yapita kwa mama.

Wataalamu walibishana muda mrefu: Waajemi walikuja, au ni hekaya tu? Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani, Kilwa ikiwamo. Ilionekana kwamba mchanganyiko ulianza kiasi cha mwaka 1000. Asili ya Kiasia ilitoka hasa kwa wanaume wa Kiajemi, na asili ya Kiafrika ilitoka zaidi kwa wanawake. Mifupa haithibitishi kwamba Ali au Mrimba aliishi. Lakini yaonyesha kwamba simulizi la Kiswahili, ambalo baadhi yetu tuliliona duni kwa sababu ni la karibuni, ndilo lililohifadhi umbo la jambo lenyewe.

Kwa hiyo kosa la nasaba nyingi si uongo, ni kimya. Mwanafunzi atakayeichunguza jamaa yake asiridhike kuyanakili majina. Na aulize kila mwana alizaliwa na nani, na aulize mapema.

Karatasi ya babu sikuisahihisha. Nimeweka nyingine kando yake, yenye majina mawili: la mama yangu na la bibi yangu. Mzee aliyelijua la tatu alifariki kabla sijamwuliza.