Waliokataa Kukiri: Tahakiki ya The Crucible ya Arthur Miller

Tamthilia ya The Crucible ya mwandishi Mmarekani Arthur Miller ilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini New York mwaka 1953. Inasimulia kesi za uchawi zilizosikilizwa Salem, katika koloni la Kiingereza la Massachusetts, mwaka 1692. Wahakiki wengi huisoma kama fumbo la siasa za Marekani za miaka ya 1950, wakati watu walipoitwa mbele ya kamati za bunge na kutakiwa wawataje wenzao waliodhaniwa kuwa wakomunisti. Usomaji huo ni sahihi, na Miller mwenyewe hakuuficha. Katika makala hii, hata hivyo, nitaitazama tamthilia kwa upande wa imani ya Wapuritani waliomo ndani yake. Hoja yangu ni kwamba Miller anafaulu pale anapoifuata imani hiyo, na anateleza pale anapoiweka kando na kutupa kisa cha mapenzi.

Nianze na neno mchawi, kwa sababu sisi wasomaji wa Kiswahili linaweza kutupoteza. Katika matumizi ya kawaida, mchawi ni mtu anayewadhuru wenzake kwa nguvu za siri. Si lazima awe na mapatano na Shetani. Wapuritani nao waliogopa madhara ya aina hiyo: mtoto kuugua, mifugo kufa ghafla. Lakini machoni pa wachungaji na majaji wao kulikuwa na kosa kubwa zaidi. Mchawi alikuwa mtu aliyefanya agano na Shetani na kutia alama katika kitabu chake. Wapuritani walioanzisha koloni hilo mwaka 1630 walijiona kuwa watu waliofungwa na Mungu kwa agano, na makanisa yao yalijengwa juu ya agano. Kwa hiyo mchawi alikuwa msaliti. Ndiyo maana katika mahojiano ya Salem suala la kitabu cha Shetani lilirudiwa mara kwa mara.

Jambo la pili ni kukiri. Wapuritani waliamini kwamba Mungu amekwisha kuwachagua watakaookoka, na kwamba hakuna binadamu mwenye uhakika kamili kuwa yumo. Aliyetaka kuwa mshirika kamili wa kanisa alitarajiwa kueleza jinsi alivyoitambua dhambi yake na jinsi neema ilivyomgusa. Kukiri kulikuwa mlango wa kuingilia katika jamii ya waumini.

Mahakama maalumu iliyoundwa na Gavana William Phips mwezi Mei 1692 iliugeuza mlango huo kuwa mtego. Ilipokea ushahidi wa mzuka, yaani ushahidi wa mtu anayedai kuwa ameona umbo la mshtakiwa likimtesa, hata kama mshtakiwa alikuwa nyumbani amelala. Nani angeweza kujitetea dhidi ya ushahidi wa namna hiyo? Wakati huohuo, aliyekiri alihifadhiwa ili awataje wengine. Watu wapatao 50 walikiri, na miongoni mwa walioshikilia kukiri kwao hakuna hata mmoja aliyenyongwa. Samuel Wardwell alikiri, kisha akakana maneno yake. Alinyongwa Septemba 22. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Salem njia ya mwongo ndiyo iliyokuwa ndefu, na ya mkweli iliishia kwenye kitanzi. Walionyongwa walikuwa 19. Giles Corey alikandamizwa kwa mawe hadi akafa kwa kukataa kuhukumiwa na mahakama hiyo, na wengine walifia gerezani.

Sasa turudi kwenye tamthilia. Miller ameuona mtego huu vizuri. Tendo la tatu, linalotokea mahakamani, ndilo bora kuliko yote. Jaji Danforth hawi katili wa kuchekesha; anafikiri kwa mantiki, ila mantiki yake imefungwa pande zote. Kila utetezi unaoletwa mbele yake unageuka kuwa shambulio dhidi ya mahakama, na kila shambulio dhidi ya mahakama linakuwa shambulio dhidi ya Mungu. Mary Warren anaposema kweli, haaminiwi. Anaporudi kwenye uongo, anapokewa. Hapo mtunzi hakuhitaji kuongeza chochote. Imani yenyewe imeujenga mgogoro.

Udhaifu unaonekana katika chanzo cha mgogoro. Katika tamthilia, Abigail Williams ni msichana wa miaka 17 aliyezini na John Proctor, na sasa anataka mke wa Proctor anyongwe ili achukue nafasi yake. Katika historia, Abigail alikuwa mtoto wa miaka 11 au 12, na Proctor alikuwa mzee wa miaka 60 hivi. Hakuna kumbukumbu ya uhusiano kati yao. Mtunzi ana haki ya kubadilisha historia; Miller mwenyewe ameeleza kwamba aliongeza umri wa Abigail. Ninachokosoa ni matokeo ya badiliko hilo. Maafa yaliyoletwa na wachungaji, majaji, majirani wenye ugomvi wa mashamba, na hofu ya vita vya mpakani yanawekwa juu ya tamaa ya msichana mmoja. Hadhira inaondoka ikiwa imefarijika: kumbe bila Abigail yote haya yasingetokea. Faraja hiyo ni ya hatari, kwa maana wengi walioendesha kesi zile walikuwa watu wenye elimu na heshima, walioamini kwamba wanalilinda kanisa lao.

Badiliko la pili ni la ndani zaidi. Mwishoni Proctor anatia sahihi hati ya kukiri, kisha anaichana kwa sababu hawezi kulitoa jina lake libandikwe mlangoni pa kanisa. Ni tukio lenye nguvu kubwa jukwaani. Lakini jina ni heshima ya mtu mbele ya watu. Wengi waliokataa kukiri mwaka 1692 walikuwa wakifikiria hukumu nyingine. Margaret Jacobs, msichana aliyewashtaki babu yake na mchungaji George Burroughs ili ajiokoe, alikana ushahidi wake akiwa gerezani kwa kuwa dhamiri ilimsumbua. Aliona afadhali kifo kuliko kuipoteza roho yake. Mary Easty aliwaandikia majaji akiomba damu isiyo na hatia isiendelee kumwagwa, huku akikubali kwamba yeye mwenyewe atakufa. Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71, alitengwa na kanisa lake kabla ya kunyongwa Julai 19, na bado hakusema uongo.

Rebecca yumo katika tamthilia na anakataa kusema uongo kwa sababu hiyohiyo ya roho. Miller alikuwa na jibu la Kipuritani mkononi, akampa mhusika mdogo, kisha akampa mhusika mkuu jibu la karne ya 20. Kwa hiyo tunatoka tukidhani kwamba imani iliwaua watu, na ujasiri wa mtu binafsi ukapinga. Ukweli ni mchungu zaidi. Imani ileile iliyowatuma majaji kutafuta wachawi ndiyo iliyowazuia washtakiwa kujiokoa kwa uongo. Kwa kiasi kikubwa, mahakama iliwaua waumini waliokuwa waaminifu kuliko mahakama yenyewe.

Kwa kuhitimisha, bado ninaiona The Crucible kuwa kazi inayostahili kusomwa na wanafunzi wa fasihi, hasa kwa tendo lake la tatu. Ila isisomwe peke yake. Msomaji afuatilie pia yaliyotokea Boston mwezi Januari 1697, katika siku ya kufunga na kuomba. Samuel Sewall, mmoja wa majaji wa Salem, alisimama kanisani mbele ya waumini wenzake huku mchungaji akisoma maandishi yake ya kukubali lawama na kuomba msamaha. Kukiri kulikuwa kumerudi mahali pake pa asili, miaka minne na ushee baada ya watu 19 kunyongwa.