Themostati Iliyojifunza kwa Kutazama

Mwishoni mwa mwaka 2009, mpango wa Energy Star wa serikali ya Marekani uliziondolea nembo yake themostati za kupangiwa ratiba, yaani vifaa vya ukutani vinavyoongoza joto na ubaridi wa nyumba. Kwenye karatasi zilipaswa kuokoa nishati nyingi: unaingiza saa ya kulala, ya kuamka na ya kutoka, mashine inafuata. Lakini wenye nyumba wengi hawakuingiza chochote. Vitufe vilikuwa vidogo, maelekezo marefu, na ratiba ikafia ukutani.

Tony Fadell na Matt Rogers, wahandisi waliotoka Apple, walianzia kwenye kosa hilo. Themostati yao, Nest, iliingia sokoni mwaka 2011 ikiwa na kazi moja tu kwa mtumiaji: kuzungusha duara, kulia joto lipande, kushoto lishuke. Ukishusha joto saa nne usiku siku kadhaa mfululizo, kifaa huyaingiza mazoea hayo kwenye ratiba chenyewe. Kihisi cha mwendo kisipoona mtu kwa muda, huhesabu kwamba mmetoka na kupunguza kazi ya mtambo. Mwaka 2015 kampuni ilitangaza wastani wa kuokoa asilimia 10 hadi 12 kwenye kupasha joto na 15 kwenye kupooza.

Mimi nimevutiwa zaidi na mbinu yao ndogo iitwayo Airwave. Ndani ya kiyoyozi, mlaji mkubwa wa umeme ni kompresa. Feni hula kidogo tu. Kompresa ikizimwa, koili inayopooza hewa hubaki baridi kwa dakika kadhaa. Nest huizima kompresa mapema kidogo, kabla chumba hakijafikia kiwango ulichoweka, na kuiacha feni ipulize hewa juu ya koili hiyo. Ubaridi ambao umeshalipiwa huingia chumbani badala ya kupotea bure.

Sharti lake ni hewa kavu. Koili hutoa matone kama bilauri ya maji ya barafu iliyowekwa mezani, na feni ikipuliza huku kompresa imezimwa, matone hayo hugeuka mvuke na kurudi chumbani. Kwa hiyo kifaa hupima unyevu kwanza. Kwenye ukavu wa Arizona mbinu inafaa sana. Mombasa au Dar es Salaam, mwezi Machi, ingekurudishia jasho lile lile ulilokuwa unalikimbia.

Kwa mwambao wetu, naona kiyoyozi cha inverta ndicho chenye manufaa zaidi, kwa kuwa kompresa yake hupunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka, na koili huendelea kuvuta unyevu. Na hata kama huna inverta, tazama rimoti yako: nyingi zina hali yenye alama ya tone la maji, ambayo kazi yake ni kukausha hewa. Kabla hujashusha nyuzi hadi 18, ijaribu hiyo kwanza.