Uhura na Uhuru Wake

Jina la Luteni Uhura wa Star Trek limetokana na neno letu "uhuru", ingawa irabu ya mwisho imegeuzwa. Lakini katika mfululizo wa awali wa televisheni ya Marekani, 1966 hadi 1969, mwenye jina hilo hakupata kuongoza chombo chao cha angani. Kazi yake ilikuwa kupokea na kupeleka habari.

Mfululizo wa katuni, uliotengenezwa na Filmation 1973 hadi 1974, una kasoro zilizo wazi: wahusika wamekakamaa, na michoro ile ile hurudiwa mno. Hata hivyo, katika kisa cha "The Lorelei Signal", wanaume wanapopumbazwa na ishara itokayo sayari ngeni, Uhura, kwa sauti ya Nichelle Nichols, anashika amri na kuwaokoa.

Yupo atakayesema kuwa huo ni uhuru wa kuazima, kwani wanaume walikuwa hawajiwezi. Hoja hiyo ina uzito. Basi mwalimu na awaulize wanafunzi wake: Uhura alipewa amri, au aliitwaa? Wakipambanua vitenzi hivyo viwili, watakuwa wamelifahamu jina lake.