Breki Inayolia kama Zeze

Mlio ulianza Jumatatu, ukisikika kila mara dereva alipokaribia kituo. Kufikia Ijumaa abiria walikuwa wanageuza shingo kabla pikipiki haijasimama. Ilikuwa pikipiki ya kawaida ya bodaboda, ya cc 125, yenye breki za dramu mbele na nyuma. Mwenyewe alikuwa ameshapewa dawa mbili kijiweni: anunue breki shuu mpya, au adondoshee oili kidogo pale panapolia.

Dawa ya kwanza ingemla fedha bila uhakika. Ya pili ingeweza kumuua. Oili ikifika kwenye breki shuu hunyonywa na utando wake, na gurudumu huendelea kuzunguka hata mguu ukiikandamiza pedali hadi mwisho. Kelele hunyamaza kwa sababu msuguano umeondoka, na msuguano ndio breki yenyewe.

Jumapili aliifungua pikipiki uani kwake, akiwa na spana, tupa, msasa na ndoo ya maji ya sabuni. Alichokifanya kinaeleweka vizuri zaidi mtu akijua kwanza mlio unatoka wapi. Aliyewahi kumtazama mpiga zeze wa Kigogo ameshaiona fizikia yake. Uta hauserereki tu juu ya uzi. Huunasa, huuvuta kidogo, uzi huponyoka, hunaswa tena, mara nyingi mno ndani ya sekunde moja. Uzi hutetemeka na kibuyu hukuza sauti. Kwenye breki, breki shuu ndiyo uta, na dramu inakuwa uzi na kibuyu kwa pamoja. Mtetemo wake huwa wa kasi zaidi, mara 1,000 kwa sekunde na kuendelea, ndiyo maana sauti hutoka nyembamba na kuchoma masikio.

Kwa hiyo swali la fundi ni moja: nini kimebadilika kwenye nyuso hizi mbili hata zikaanza kunasana na kuachiana? Kukimbilia dukani hakujibu swali hilo. Breki shuu mpya ikifungwa kwenye breki yenye tatizo lile lile italia baada ya wiki chache.

Uchunguzi ulianzia barabarani, kwenye kipande tambarare kisicho na magari. Akiwa mwendo wa polepole, dereva alishika breki ya mbele peke yake: kimya. Akakanyaga ya nyuma peke yake: mlio. Aligundua pia kwamba sauti hutokea mguu ukiwa mwepesi, pikipiki ikikaribia kusimama, na kwamba ni mluzi, si mkwaruzo. Tofauti hii ni kubwa. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma maana yake utando umekwisha, na pikipiki ya namna hiyo haipaswi kurudi barabarani hata kwa safari moja.

Kabla ya kugusa nati yoyote, alitazama mshale mdogo ulioko nje ya sahani ya breki, kwenye shina la mkono unaovutwa na ufito wa pedali. Pikipiki nyingi ndogo zinao, na ni madereva wachache wanaoutumia. Pedali ikikanyagwa, mshale husogea kuelekea alama iliyochorwa kwenye sahani. Ukiifikia, breki shuu zimekwisha. Wa kwake ulisimama mbali na alama. Hivyo, bila kutumia hata senti, ushauri wa kununua breki shuu mpya ulianguka.

Kisha akapima uhuru wa pedali, yaani umbali inaoshuka kabla breki haijaanza kushika. Kwa pikipiki za aina hii kipimo cha kawaida ni milimita 20 hadi 30. Yake haikuwa na hata 5. Mwezi uliopita alikuwa ameikaza nati ya nyuma ili breki ishike haraka anapobeba abiria wawili, na tangu hapo breki shuu zilikuwa zinagusa dramu kutwa nzima bila yeye kujua. Habu ilikuwa ya moto kila jioni, lakini nani huigusa habu ya pikipiki bila sababu?

Gurudumu lilipotoka, ushahidi ulikuwa wazi. Uso wa breki shuu, unaotakiwa kuwa mkavu na usiong'aa, uling'aa kama kigae. Joto lilikuwa limeuchoma utando na kuugeuza ngozi ngumu juu juu, ngozi inayoteleza na kunasa kwa zamu. Huo ndio uta wa zeze.

Ndani ya dramu mlijaa vumbi jeusi, na hapa mafundi wengi hukosea: huinama na kulipuliza kwa mdomo. Baadhi ya breki shuu, hasa za zamani, zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu na kuleta saratani. Historia yake inahusu kelele hii hii. Mwaka 1902 Frederick Lanchester wa Uingereza alipata hataza ya breki ya diski, lakini pedi zake za shaba zilipiga kelele isiyovumilika. Miaka michache baadaye Mwingereza mwenzake, Herbert Frood, akazivika asbesto, na kelele ikapungua. Utulivu huo ulinunuliwa kwa bei ambayo wafanyakazi wa viwandani na magereji waliilipa kwa miongo mingi. Kwa hiyo vumbi lilifutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni, na kitambaa kikafungwa ndani ya mfuko na kutupwa.

Matengenezo yenyewe hayakuchukua muda mrefu. Uso wa breki shuu ulipigwa msasa namba 100 hadi mng'ao ukaisha wote, huku utando ukipimwa usije ukashuka chini ya milimita 2. Kwa tupa, kingo za mwanzo na mwisho za kila utando zilikatwa mshazari kidogo, kwa sababu ukingo mkali ndio hutangulia kuinasa dramu. Dramu nayo ilipigwa msasa kwa mipigo inayokatana ili kuondoa mng'ao, ikasafishwa na kukaushwa. Kwenye dramu ya milimita 110, kipenyo kikifika 111 imechoka, na kipimo hicho mara nyingi huandikwa kwenye chuma chenyewe.

Kamu, ile pingili inayosukuma breki shuu zifunguke, ilikuwa kavu na yenye kutu, kwa hiyo shuu zilichelewa kurudi. Ilisafishwa na kupakwa grisi kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, wala si zaidi, maana grisi ikizidi huyeyuka kwa joto na kushuka kwenye utando. Wakati wa kufunga, kabla nati ya ekseli haijakazwa, gurudumu lilizungushwa, pedali ikakanyagwa na kushikiliwa, ndipo nati ikakazwa. Hila hii ndogo huziweka breki shuu katikati ya dramu. Mwisho pedali ikarudishiwa uhuru wa milimita 25.

Mwenye breki ya diski hufuata mantiki ile ile kwa vifaa tofauti. Pedi zilizong'aa hupigwa msasa. Zilizolowa oili ya cheni hutupwa, kwani kuzichoma moto hakuaminiki. Pistoni za kalipa husuguliwa kwa mswaki na maji ya sabuni kisha husukumwa ndani taratibu, huku chupa ya mafuta ya breki ikiangaliwa isifurike, maana mafuta hayo hula rangi. Grisi maalumu ya breki hupakwa nyuma ya pedi tu, nyembamba sana. Kabla ya kuondoka, mkono wa breki lazima upampwe hadi uwe mgumu, la sivyo breki ya kwanza haitashika kabisa.

Dereva alizunguka mtaani akishika breki kwa upole mara ishirini hivi, akiiacha ipoe kati ya mara moja na nyingine, ili nyuso zizoeane. Mlio haukuwepo. Siku ya nne, baada ya mvua ya usiku kucha, ulirudi asubuhi, ukapiga mara mbili na kupotea kabla hajafika kituoni. Hiyo ilikuwa kutu nyembamba ya usiku ikifutwa, na spana hakuzigusa.